Nani Ashike Usimulizi: Riwaya na Muziki Huru wa Uskoti

Wanaoeleza kustawi kwa sanaa za Uskoti katika miongo minne iliyopita aghalabu huanza na siasa. Hoja yao, ambayo imerudiwa hata imekuwa kama aya ya kuhifadhiwa, ni kwamba Machi 1979 Waskoti walipoulizwa kwa kura kama wanataka baraza lao wenyewe la kutunga sheria, wakakubali wengi kuliko waliokataa, lakini wakanyimwa ushindi kwa sharti lililotaka waliokubali wafikie asilimia 40 ya wote walioandikishwa, basi yale ambayo wanasiasa walishindwa kuyapata, waandishi na waimbaji waliyajenga kwa kalamu na kwa gitaa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami sikusudii kuitupa. Lakini Lanark, riwaya kubwa ya Alasdair Gray iliyotoka Edinburgh mwaka 1981, na ambayo hutajwa kila mara kuwa ndiyo tunda la kwanza la machungu yale ya kura, Gray mwenyewe alikuwa ameianza tangu ujana wake katika miaka ya 1950, wala hapakuwa na mnajimu wa kumwambia kwamba mwaka 1979 unakuja. Siasa yaweza kueleza kwa nini watu walivisoma vitabu hivyo kwa hamu. Haielezi kwa nini viliandikwa jinsi vilivyoandikwa, wala kwa nini santuri za nchi ile ile, zilizotengenezwa na vijana ambao wengi wao hawakuwa na haja na baraza wala bunge, ziliingia katika shauri lile lile kwa mlango mwingine.

Shauri lenyewe ni hili: nani ana haki ya kusimulia, na asimulie kwa ulimi wa nani. Katika riwaya ya Kiingereza, kwa muda wa karne mbili na zaidi, mtu wa kazi za mikono aliruhusiwa kuingia kitabuni na kunena kama wanenavyo kwao, lakini maneno yake yalitiwa ndani ya alama za kunukuu, na nje ya alama hizo alisimama msimulizi ambaye lugha yake ni ile ya shule, ya mimbari na ya idhaa ya taifa. Huyu ndiye aliyejua mambo, aliyepima tabia na kutoa hukumu, ilhali yule mwingine alikuwa kama shahidi aliyeitwa mahakamani akaambiwa ajibu alichoulizwa tu. Mskoti wa Glasgow au wa Leith, ambaye usemi wake wa kila siku umo baina ya Kiingereza na Kiskoti, na ambaye darasani alizoea kusahihishwa kabla hajamaliza sentensi, aliujua mpaka huo barabara. (Kigaeli cha visiwani na cha milima ya kaskazini kina kisa chake, chenye uchungu zaidi, nacho chastahili safu yake peke yake.)

Katika kizazi tunachokizungumzia, aliyetangulia kuushambulia mpaka huo kwa makusudi alikuwa mshairi, Tom Leonard, mzaliwa wa Glasgow, ambaye mashairi yake sita ya mwaka 1969 yaliandikwa kwa tahajia inayofuata sauti ya mtaani herufi kwa herufi, hata msomaji wa mbali hana budi kuyasoma kwa sauti ili ayafahamu, na katika kuyasoma hujikuta ameazima kinywa cha mtu ambaye pengine hangemkaribisha sebuleni kwake. Mapema katika miaka ya 1970 Leonard alikuwa mmoja wa waliokutana katika kikundi cha waandishi kilichoongozwa na Philip Hobsbaum, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, na pamoja naye walikuwamo Gray, Liz Lochhead na James Kelman. Huyu wa mwisho, aliyewahi kufanya kazi katika mabasi ya mji ule, ndiye aliyeitoa hoja katika ushairi akaipeleka katika nathari ndefu, ambako ni vigumu zaidi kuishikilia. Kwani shairi la mistari michache laweza kuvumiliwa kama mzaha, lakini riwaya ya kurasa mia tatu na zaidi haina mzaha, bali humtaka msomaji akae, asikilize, akubali.

Alichokifanya Kelman, kwa ufupi, ni kuziondoa alama za kunukuu. Katika How Late It Was, How Late, iliyotoka mwaka 1994, mtu aitwaye Sammy, aliyepata kufungwa gerezani, aamka baada ya ulevi, agombana na askari, akapigwa, akazinduka mahabusi akiwa kipofu. Na sehemu kubwa ya kitabu iliyobaki si kingine ila safari zake za kupapasa kuta, na mashauriano yake na makarani wa ofisi ya posho na daktari asiyekubali kutamka kwamba mtu aliye mbele yake haoni. Msimulizi humwita Sammy kwa nafsi ya tatu, lakini ulimi wa msimulizi na ulimi wa Sammy ni mmoja. Hakuna mtu aliyesimama juu yake kwa Kiingereza kilichonyooka akimwonea huruma. Kitabu hicho kilipopewa tuzo ya Booker mwaka ule, nacho kikawa cha kwanza cha Mskoti kuipata, mmoja wa waamuzi, Julia Neuberger, alisema hadharani kwamba ni aibu, na katika magazeti ya London wakazuka watu wa kuhesabu matusi yaliyomo kana kwamba wanahesabu chawa. Kelman, katika hotuba yake ya kupokea, alidai haki ya utamaduni wake na ya lugha yake, akaliweka dai hilo ndani ya harakati za dunia nzima za kuondokana na ukoloni. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyepitia hoja za Ngũgĩ wa Thiong'o katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili atalitambua dai hilo mara moja, ingawa iko tofauti moja isiyo ndogo: Ngũgĩ alikihama Kiingereza akaenda katika Kikuyu, Kelman alibaki ndani ya nyumba akabadilisha mpango wa vyumba, na nadhani hilo ndilo liliwakasirisha wenye nyumba zaidi.

Umaarufu, hata hivyo, ulimwendea mwingine. Trainspotting ya Irvine Welsh, ya mwaka 1993, na filamu yake ya mwaka 1996, ziliwapa walimwengu picha ya Leith, ya heroini, na ya vijana wanaopiga mbio, na haikuchukua muda lugha ya mtaa ule ikawa bidhaa ya kupendeza kuvaliwa kifuani. Welsh ni fundi wa kuchekesha na wa kutisha, na kila sauti katika kitabu chake ina mwendo wake. Lakini tukimsoma sambamba na Kelman tutaona kwamba baadhi ya sura zake humrudia msimulizi wa zamani mwenye Kiingereza cha shule, naye humrudia pasipo haya, kama mtu anayebadilisha viatu kwa kuwa njia imebadilika. Sisemi ni dosari. Nasema ndiyo sababu moja ya yeye kusomeka kwa wepesi.

Sasa tugeuke kwenye muziki. Mwimbaji wa Uskoti, kama waimbaji wengi wa Uingereza tangu siku za rock and roll, alikuwa akizungumza kwa lafudhi ya kwao hadi anapoishika maikrofoni, kisha akaimba kama mtu wa Memphis. Naye hakuwa mnafiki, kwa sababu hakuna aliyepata kumsikia mtu akiimba nyimbo za namna ile kwa lafudhi nyingine. Alan Horne, kijana aliyeendesha kampuni ya Postcard katika nyumba ya kupanga mtaa wa West Princes, Glasgow, tangu 1980, alizipamba santuri zake kwa maneno yanayotangaza sauti ya vijana wa Uskoti, akiiga kwa dhihaka na kwa mapenzi wito wa Motown ya Detroit. Na bendi zake, Orange Juice, Josef K na Aztec Camera, ziliimba kwa unyenyekevu na kejeli, mbali na ubabe wa rock wa wakati ule. Postcard haikudumu hata miaka miwili katika uhai wake wa kwanza. Iliyoyaacha, kuliko lahani yoyote, ni yale mawazo kwamba chumba cha kulala, simu na marafiki wanne vyatosha kuwa kampuni, na kwamba si lazima mtu apande treni ya kwenda London ndipo asikike.

Lakini lafudhi yenyewe ilingoja. Kutoka mji wa Falkirk, katika mwaka 1996, watu wawili, Aidan Moffat na Malcolm Middleton, waliojiita Arab Strap, walitoa santuri yao ya kwanza, The First Big Weekend, ambamo Moffat haimbi bali anasimulia, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kwa usemi wa mji wake, mambo ya wikiendi moja ya kiangazi: wapi walikwenda kunywa, nani walimkuta, walilala wapi; huku chini yake ngoma ya mashine ikienda bila haraka na gitaa likirudia mlio ule ule. Hakuna sitiari ya kupamba, hakuna hitimisho, hakuna kuomba radhi. Sijui wimbo mwingine wa zama zile uliosogea karibu zaidi na ukurasa wa Kelman. Na kama Sammy, mnenaji wa Arab Strap haonewi huruma na mtu aliye juu yake, maana juu yake hayupo mtu. Walioipenda santuri ile walisema ni kweli tupu, neno ambalo mimi huliogopa, kwa kuwa kuipanga kweli ili isikike haikupangwa ni kazi ya fundi, na Moffat ni fundi hasa.

Si wote walioichukua njia hiyo. Grangemouth, mji wa viwanda vya mafuta siku zile, ulio jirani kabisa na Falkirk, ulikuwa umetoa Cocteau Twins, ambao mwimbaji wao Elizabeth Fraser aliikwepa lafudhi kwa kuimba silabi ambazo nyingi hazimo katika kamusi yoyote. Na Mogwai wa Glasgow, walioanza mwaka 1995, waliikwepa kwa kunyamaza, wakiacha magitaa yapande kutoka mnong'ono hadi ngurumo pasipo neno katika sehemu kubwa ya kazi yao. Kunena kwa ulimi wa kwenu, kubuni ulimi usio wa mtu, kukaa kimya: hizi ni njia tatu za kujibu swali moja, nazo zote zilitoka katika eneo ambalo mtu angelivuka kwa basi katika asubuhi moja.

Ukiwa umefika hapa, utauliza ni nani aliyegharimia ukaidi huu, na jibu lake ndilo linalozifunga sanaa hizi mbili pamoja kuliko ladha au maudhui. Polygon, iliyochapisha hadithi za Kelman za mwaka 1983 na riwaya yake ya kondakta wa basi mwaka uliofuata, ilitokana na jumuiya ya uchapishaji ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Na Tigermilk, santuri ya kwanza ya Belle and Sebastian, ilitolewa mwaka 1996 na Electric Honey, kampuni iliyokuwa sehemu ya masomo ya biashara ya muziki katika chuo cha Stow, Glasgow, kwa nakala 1,000 tu. Duncan McLean na James Meek walianzisha Clocktower Press mwaka 1990, wakatoa vijitabu vidogo, na humo sehemu za Trainspotting zilisomwa kabla haijawa kitabu. Kevin Williamson akaanzisha jarida la Rebel Inc. mwaka 1992; na bendi ya The Delgados ilijiundia kampuni, Chemikal Underground, ikawachukua Arab Strap na Mogwai. Mwanafunzi na bendi isiyojulikana wana sifa moja ambayo mchapishaji mkubwa hana, nayo ni kwamba hawana heshima ya kupoteza. Kitabu ambacho mhariri mwenye mshahara angekirudisha kwa barua ya upole, akihofia kwamba wasomaji wa kusini hawataufahamu usemi wake, mwanafunzi hukichapa kwa sababu yeye mwenyewe anaufahamu, na hesabu yake haihitaji wasomaji zaidi ya mia chache.

Katika mkondo huu wa kampuni ndogo wanawake walipata nafasi ambayo masimulizi ya kawaida, yaliyojaa wanaume na pombe, huwasahaulisha watu. Janice Galloway alitoa kwa Polygon mwaka 1989 riwaya yake The Trick is to Keep Breathing, ambamo mwalimu aliyefiwa na mpenzi asiyekuwa mumewe, na hivyo asiyeruhusiwa hata kuomboleza hadharani, anasimulia kuvunjika kwa akili yake huku maneno mengine yakitoroka katika mpangilio wa ukurasa hadi ukingoni. Na bendi ya Garbage, yenye mwimbaji wa Edinburgh Shirley Manson, iliazima jina la kitabu hicho kwa wimbo wake wa mwaka 1998. Polygon pia ndiyo iliyotoa, mwaka 1999, The Translator ya Leila Aboulela, Msudani aliyehamia Aberdeen, ambamo mjane wa Khartoum anafanya kazi ya kufasiri Kiarabu katika baridi ya mji ule. Na hadithi yake iitwayo The Museum, ya Aberdeen vilevile, ikapewa tuzo ya Caine mwaka 2000, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kiingereza cha Aboulela ni kitulivu, hakina tahajia ya mtaani hata chembe, lakini msimulizi wake huitazama Uskoti kwa jicho la Mwislamu asiyejieleza kwa mwenyeji, na kwa hiyo naye ameubadilisha mpango wa vyumba.

Kitabu ambacho mimi hukirudia zaidi, hata hivyo, ni Morvern Callar cha Alan Warner, cha mwaka 1995. Msichana anayefanya kazi katika duka kubwa la mji wa bandari anamkuta mpenzi wake amejiua. Marehemu ameacha riwaya aliyoiandika, na maagizo ya kuipeleka kwa wachapishaji. Msichana anafuta jina la marehemu, anatia lake. Wengi husoma kitendo hicho kama wizi au kama ishara ya ukame wa moyo. Nakiona ni mfano kamili wa shauri letu: mwanamume mwenye vitabu na mwenye fedha alikusudia kuzungumza hata baada ya kufa, na yule aliyetarajiwa kuwa mpeleka barua tu akajifanya mwenye maneno, na zaidi ya hayo, kitabu tunachokisoma sisi si kile cha marehemu hata kidogo, ambacho hatuonyeshwi sentensi yake moja, bali ni masimulizi yake yeye, kwa usemi wake yeye. Muziki ndio mali pekee anayoipokea kwa moyo. Morvern hutembea na kaseti masikioni, na Warner hutaja kinachosikika kwa uangalifu wa mtunza hesabu, hata nyimbo zinakuwa namna ya kusema yale ambayo msimulizi huyu mchache wa maneno hataki kuyasema. Lynne Ramsay, alipokitengenezea filamu mwaka 2002, alifahamu hivyo, akaacha kaseti ifanye kazi ya ulimi.

Uhusiano huu wa vitabu na muziki ulipotangazwa rasmi haukuzaa vizuri sana. Bendi ya Idlewild ilimaliza albamu yake ya mwaka 2002 kwa sauti ya mshairi mzee Edwin Morgan akisoma shairi lake, jambo lililosisimua kweli, ingawa ilitolewa na Parlophone, kampuni ambayo hakuna atakayeiita ndogo. Na mwaka 2007 Chemikal Underground ikatoa Ballads of the Book, ambamo waandishi walitoa maneno na wanamuziki wakatoa lahani, Gray akiwamo, na Ali Smith, na Ian Rankin akiwa pamoja na Moffat. Nia ilikuwa njema. Kwa masikio yangu, nyimbo nyingi za humo zina adabu ya wageni wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

Ziko riwaya nyingine zilizofanya vizuri zaidi kwa kuutazama muziki kama historia. David Keenan, aliyekulia Airdrie, mashariki ya Glasgow, alitoa mwaka 2017 This Is Memorial Device, inayodai kuwa kumbukumbu za watu walioiona bendi kubwa ya mji ule baina ya 1983 na 1985. Bendi haikuwako, lakini mashahidi wanaapa, wanapingana, wanajisifu, hata msomaji anatamani kwenda kuitafuta santuri. Miaka mitatu baadaye Graeme Armstrong alitoa The Young Team, iliyoandikwa yote kwa usemi wa eneo hilo hilo la Airdrie, juu ya magenge ya vijana ambayo mwandishi mwenyewe alipata kuwamo. Na hapa msomaji makini atashtuka kidogo: vijana wa Armstrong hawasikilizi bendi zozote nilizozitaja. Muziki wao ni ule wa dansi wa mashine za kasi, wa vidonge na wa magari yaliyofunguliwa madirisha. Jina la kitabu lafanana na jina la albamu ya Mogwai ya mwaka 1997, maana wote wameliokota katika maandishi ya magenge ukutani, lakini Mogwai walilichukua kwa mzaha wa msanii, Armstrong kwa sababu alikuwa mmoja wao. Muziki huru, uliodai kusema kwa ulimi wa kila mtu, kidogo kidogo ulikuwa muziki wa waliofika chuoni. Riwaya, ambayo tungeidhania kuwa ndiyo sanaa ya wasomi, imeshuka mbali zaidi.

Halafu kuna suala la kile kinachotokea kazi inapovuka mpaka. Poor Things ya Gray, ya mwaka 1992, ni kitabu cha Glasgow chenye msimulizi mwanamume anayeeleza maajabu ya mkewe, na mwishoni mke anaandika barua akiyakanusha karibu yote. Filamu yake ya mwaka 2023, iliyopata tuzo 4 za Oscar, iliihamishia hadithi London, ikaiondoa na ile barua. Ilibaki filamu ya kupendeza macho, nami niliifurahia, lakini msingi wa ugomvi uliokuwamo kitabuni umeondolewa: yule mwanamke amepewa mwili, safari na uhuru, amenyang'anywa kalamu.

Shuggie Bain ya Douglas Stuart, baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya 30, ilipata Booker mwaka 2020, ya pili kwa Mskoti, na Stuart hakuficha deni lake kwa Kelman. Ni riwaya yenye moyo mkubwa, na mama mlevi aliyemo humo, Agnes, hatasahaulika upesi. Lakini safari hii hakuna mwamuzi aliyelalamika, wala gazeti lililohesabu matusi, na sababu yake si kwamba London imeongoka. Wahusika wa Stuart wananena Kiglasgow kizuri kabisa ndani ya alama za kunukuu, na nje yake amerudi msimulizi wa Kiingereza fasaha, mwenye huruma nyingi. Mpaka umejengwa upya, kwa mikono ya mtu wa upande wa ndani, tena kwa mapenzi. Kelman kwa upande wake, aliyechapishiwa kitabu chake cha kwanza mwaka 1973 na kampuni ndogo ya Maine huko Marekani, alichapishiwa riwaya yake ya mwaka 2022 na kampuni nyingine ndogo ya Marekani, ya California.

Mogwai wametulia nyumbani: Februari 2021 albamu yao As the Love Continues, iliyotolewa na kampuni yao wenyewe ya Rock Action, ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Uingereza nzima. Na mwaka ule ule tuzo ya Saltire ya kitabu bora cha Uskoti ilikwenda kwa Duck Feet ya Ely Percy, kisa cha msichana wa shule wa Renfrewshire kinachosimuliwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kwa usemi wa Renfrewshire, na mchapishaji wake ni Monstrous Regiment, kampuni ndogo ya Edinburgh.